Kijiji Tulichokizunguka

Wajukuu wananiuliza kama enzi zetu ramani zilikuwepo. Zilikuwepo. Moja niliitengeneza kwa mikono hii, nikapanda nayo lori mpaka Iringa, nikarudi nayo Mbeya. Anayedhani bibi yake alizaliwa na fimbo mkononi akae chini asome.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Nilikuwa mke kijana, nimeolewa kwenye milima iliyo juu ya Mbeya, upande wa kwenda Tukuyu, kwenye ukungu na migomba. Nilikuwa na mtoto mmoja, wa kike, wa kubebwa mgongoni. Shule yangu ilikuwa ile ya kanisani, ya katekisimu na kuandika jina. Kiswahili nilikipata kwa baba yangu, aliyefanya kazi Chunya kwenye dhahabu akarudi bila dhahabu, ila na maneno mengi.

Kabla sijaenda mbali niseme jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwetu Wanyakyusa, mke hatazamani na baba mkwe wake. Hamwangalii usoni, hataji jina lake, hapiti mbele ya nyumba yake. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini, anageuka, anajifunika mpaka mzee apite. Na si yeye peke yake. Rika lake lote, wazee wote aliokua nao, ni wakwe zako. Tena vijana wa kiume kwetu hawakujenga na baba zao, walijitenga wakaanzisha kijiji chao. Kwa hiyo sisi tuliolewa kijiji cha vijana, na juu yetu, ng'ambo ya kijito, kilikuwepo kijiji cha wazee, na chote, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, kilikuwa cha wakwe zetu. Tukienda kuni, tukienda sokoni, tukienda kanisani, tulikizunguka. Tulikuwa na njia yetu ya nyuma, inashuka kijitoni, inapita kwenye migomba yao, inapanda tena. Hakuna aliyetufukuza kwa kiboko. Ilikuwa heshima, na mtu alijisikia mtu kuitimiza. Kanisani walituambia sasa tunaweza kuacha. Tuliitikia vizuri, tukaendelea kuzunguka.

Sasa, tulikuwa na chama chetu cha wanawake cha kushona. Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja wa Kizungu wa idara ya maendeleo, mwembamba, anapanda mlima kuliko sisi. Siku moja akaja na habari mpya. Vyama vyote vya wanawake kando ya barabara kuu, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, kila kimoja kitengeneze ramani ya kwao. Lori litapita kuzikusanya. Iringa zitatundikwa pamoja ukumbini, watu waje kutazama, kisha lori lizirudishe Mbeya nako watu watazame.

"Ramani ndiyo nini?" mmoja akauliza.

"Ni nchi yenu ikiwa imelala chini, na nyinyi mko juu kama ndege," akasema yule mama. "Ichoreni mnavyoijua nyinyi."

Tulinunua amerikani kwa Mhindi mjini, tukaitandika uwanjani kwa mwenyekiti wetu. Huyo mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, mnene, mdomo mkali, lakini yeye naye aliolewa palepale, wakwe zake walewale. Tukaizunguka ile nguo tukiitazama. Ilikuwa nyeupe mno.

"Anza wewe, unajua kuandika," wakaniambia.

"Najua kuandika jina langu tu. Nichore jina langu?"

Mwenyekiti akasonya. "Kila mwaka mnapaka kuta za nyumba zenu rangi mpaka wapita njia wanasimama, leo kipande cha nguo kinawatia homa?"

Hapo tukafunguka. Mmoja akakimbia kuleta udongo mwekundu, mwingine mweupe, mwingine ule wa kijivu wa kijitoni, ule ule tunaopakia nyumba. Maji tuliyatia kwa bluu ya kufulia. Njia zetu tulizichora kwa utomvu wa mgomba, maana kila mwanamke anaujua utomvu: ukishashika nguo umeshika, hata uifue kwa mchanga. Tuligombana siku nzima. Huyu anasema mti wa mwiba uko karibu na kwake, yule anasema uko karibu na kwake yeye, na wote walitaka kanisa liwe jirani. Nilipiga magoti mpaka yakachubuka. Sijawahi kufanya kazi yenye raha kama ile. Ukiweka kidole kwenye nyumba yako iliyo ndogo kama punje, na kutoka hapo ukafuata utomvu mpaka sokoni, unapatwa na kizunguzungu kama umepanda juu ya paa.

Ilipokauka tukarudi nyuma, tukaitazama, tukapiga vigelegele. Kila kitu kilikuwepo. Barabara nyekundu, kijito, kanisa, mashamba ya maharage, kisima, mahali pa kuoga, hata mahali pa kusengenyana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba katikati kabisa ya nguo palikuwa peupe. Weupe wa ukubwa wa sahani, na njia yetu ya utomvu ikiuzunguka kama upindo. Macho yetu yalikuwa hayana desturi ya kwenda hapo.

Wa kusafiri na ramani tulichaguliwa mwenyekiti na mimi. Yeye kwa sababu ya cheo, mimi kwa sababu ya Kiswahili. Tuliteremka mapema mpaka Uyole, barabara kuu inapopita, ramani imeviringishwa kwenye mwanzi, mtoto mgongoni, na kikapu cha ndizi za kuchoma. Lori lilipotokea kwenye vumbi nilimshika mwenyekiti mkono.

"Niache," akasema, "utanitoa bangili." Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameng'ang'ania kanga yangu.

Dereva alitupandisha nyuma pamoja na magunia. "Akina mama, nchi yenu mmeikunja vizuri? Isiniangukie njiani."

"Wewe angalia usukani," mwenyekiti akamjibu. "Ukituangusha sisi, serikali itabaki bila Mbeya."

Mimi nilikuwa sijapita Uyole maishani. Tulipoteremka kwenye joto la Usangu nilivua shuka, kisha nikavua na sweta, nikadhani nimeugua. Nchi ilikuwa bapa kama meza na ng'ombe wametapakaa mpaka mwisho wa macho. Hapo wakapanda wanawake wawili wa Kisangu na ramani yao iko kwenye ngozi ya ng'ombe, mito imechomwa kwa chuma cha moto. Tukaifungua palepale garini. Tukafungua na yetu. Tulisahau kusalimiana sawasawa. Kila mtu alikuwa anaonyesha kwa kidole: hapa ndipo nilipojifungua, hapa ndipo mamba alipo, hapa kuna mama mmoja mchawi, usinunue kwake maziwa.

Makambako kwenye baridi wakapanda Wabena na ramani yao kwenye ungo mkubwa, wameibandika kwa ulimbo: mashamba ni punje za ulezi, nyumba ni maharage mekundu, misitu ni mbegu za maboga. Ilikuwa nzuri kushinda zote, lakini haikufaa kwa safari. Kila shimo la barabara lilidondosha nyumba.

"Simamisha! Simamisha gari, kwa mjomba pameanguka!"

Tukawa tunapiga magoti kwenye sakafu ya lori tunatafuta maharage, na wenyewe wanabishana kama hili lilikuwa la shule au la kwa mjomba. Msangu mmoja akaokota harage moja, akalipachika ungoni pasipohusika kabisa. "Mjomba amehama," akasema. Tulicheka mpaka mtoto wangu akalia kwa kuogopa vicheko.

Iringa tulifika jua linazama, mji uko juu ya kilima na mawe makubwa yamekaa kama yanasubiri kitu. Mwenyeji wetu alikuwa mke wa mfanyabiashara wa sokoni, Mwislamu, wazee wake walitoka pwani zamani. Kazi yake ilikuwa kudarizi kofia za wanaume, na ramani ya mji wa Iringa alikuwa ameidarizi kwa uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, kila mtaa na vitundu vyake, mpaka uinamishe kichwa mwanga uingie ndipo uone. Alitupokea kwa chai na maneno.

"Karibuni, shoga zangu, karibuni. Nyie ndio watu wa ndizi? Huyu mtoto anakula nini mbona mashavu hivi? Ingieni, kesho mtachoka."

Kesho yake ukumbini tukatundika. Nyinyi hamjui ilivyokuwa. Wahehe walileta mkeka wa milulu, ile nyasi yao ya kusukia vikapu, barabara imesukwa humo kwa ukindu uliotiwa weusi. Ngozi ya Wasangu ikawekwa kando ya amerikani yetu, ungo kando ya ngozi, mkeka kando ya ungo, na nguo ya kudarizi ya mwenyeji wetu mwisho. Tatizo, barabara hazikukutana. Yetu ilitoka mkono wa kulia, ya Wasangu iliingia juu. Kwa Wabena Makambako ilikuwa kubwa kuliko Usangu wote.

"Kwenu kumekuwaje kukubwa namna hii?" akauliza Mhehe mmoja, mama mrefu mwenye sauti ya kiume.

"Ni kukubwa. Tembea uone."

"Nimetembea. Nilimaliza kabla sijachoka."

"Ulitembea mvua hainyeshi."

Mwishowe mwenyeji wetu akachana kanga nyekundu ya zamani vipande virefu, tukafunga barabara na barabara, kutoka ramani hata ramani, tukipindisha pale panapohitaji kupindishwa. Ikaenda ukuta mzima. Mimi nilitembea na mkono wangu juu ya kile kitambaa chekundu, kutoka mlangoni kwangu mpaka nyumba tuliyolala, bila kuinua mkono. Nilitaka kupiga kelele. Nadhani nilipiga.

Mchana watu wakajaa. Na katikati ya watu akaja bwana miti, Mzungu wa misitu, na karani wake amebeba kisanduku cha vibendera vya karatasi ya kijani. Serikali ilikuwa inatafuta mahali pa kupanda misonobari milimani, na mtu alimwambia zipo ramani za bure. Akawa anatembea polepole anatazama. Alipofika kwetu akasimama, uso ukamng'aa.

"Na hapa?"

"Hapa hapana kitu, bwana," karani akasema.

"Juu, baridi, maji karibu, hakuna watu. Pazuri sana." Karani akachomeka kibendera cha kijani katikati ya nguo yetu.

Ndipo nilipouona ule weupe. Nimeapa kusema mambo yalivyo: nilikuwa nimeipigia magoti nguo ile siku nzima, nimeikunja, nimeikunjua, nimesafiri nayo, na sikuwahi kuuona mpaka mtu mwingine alipouchoma kwa pini. Nilimgeukia mwenyekiti. Alikuwa ameshajivutia shuka usoni.

"Hapo pana watu," nikasema.

Bwana miti akageuka, akainama kidogo kunisikiliza. "Wako wapi, mama?"

"Wapo hapo. Na nyumba. Na ng'ombe."

"Kijiji kinaitwaje?"

Kijiji kile kiliitwa kwa jina la mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa baba mkwe wangu. Nikamtazama mwenyekiti. Akatazama chini.

"Hakina jina?" akauliza karani.

"Kinalo," nikasema. "Mimi siwezi kulitaja."

Siwezi kumsema vibaya yule bwana. Hakutucheka. Alisema, "Mama, mimi naona nguo nyeupe. Kama kuna kijiji, kiwekeni. Mkifika Mbeya, wenyewe waje mbele yangu waseme ni chao, na kibendera hiki nitakitoa. Wasipokuwepo, mvua zikianza naleta miche." Akaenda kwenye ungo wa Wabena.

Nikakaa chini kwenye sakafu. Wakati ule watu walikuwa wamehamishwa huku na huku kupisha misitu, tulishasikia. Wazee wetu waondolewe kwenye migomba yao, na aliyeonyesha mahali awe mke wa kijana wao! Ningeweka wapi uso wangu? Na kukichora siwezi. Kumchora mtu nyumba yake ni kumtazama.

Mwenyeji wetu akachuchumaa mbele yangu. "Shoga, chora, yaishe. Kitambaa tu hicho."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu. "Yaani hata wa uzi humtazami?"

"Hata wa uzi."

"Makubwa."

Yule Mhehe mrefu akasogea. "Usimcheke. Kwetu mkwe wa kiume akimwona mama mkwe anakuja, anarukia shimoni. Mume wangu aliruka, akavunjika kifundo cha mguu. Mama yangu alifurahi sana, akasema huyu kijana ana adabu."

Tukacheka, na mimi nikiwa na machozi. Na hapo hapo, kicheko hakijaisha, mwenyeji wetu akapiga makofi.

"Ngoja! Mimi ni mkwe wa nani huko kwenu?"

"Si mkwe wa mtu."

"Na huyu mrefu?"

"Naye si mkwe wa mtu."

"Basi mbona unatia maji machoni? Geukia ukutani wewe na mwenyekiti wako. Nyie semeni, sisi tunashona."

Jamani! Nilisimama kama niliyeinuliwa. Tukageukia ukuta, mwenyekiti na mimi, shuka kichwani, nyuma yetu wanawake wa nchi nne wameizunguka ile nguo kama kuku kwenye mtama. Nikaanza kusema. Sikutaja mtu. Nilisema: unatoka kijitoni, unapanda, unakutana na migomba. Baada ya migomba unakutana na nyumba ndefu ya mianzi, ndiyo kubwa kuliko zote. Kushoto kwake nyumba nyingine, halafu nyingine, zimejipanga mstari.

"Ng'ombe wanalala wapi?" Msangu akauliza.

"Humo humo ndani, na watu."

"Ndani! Na watu?"

"Nyumba inafagiwa kuliko yako," mwenyekiti akasema bila kugeuka.

"Sijasema kitu, mama. Nauliza ni wengi?"

"Wengi."

"Basi nawaweka wengi. Na dume. Nyumba ya mkubwa haikosi dume." Nikasikia akikwangua vipande vya ngozi.

Mbena akasema migomba ni yake, anazo mbegu za maboga. Mhehe akasema uzio ausuke yeye kwa milulu. Mwenyeji wetu alishika nyumba, maana sindano yake ilikuwa nyembamba kuliko zote. Kila mmoja alitaka kujua zaidi. Paa limekaaje? Kuta zina rangi gani? Kuna mti uwanjani? Nilijibu yote niliyoweza, kwa sauti, nikiutazama ukuta mweupe wa ukumbi, na kijiji kilikuwa kinaota mgongoni kwangu nasikia sindano tu. Sijui niwaambieje. Ilikuwa kama kusikia mvua inaanza kwenye shamba lililokauka na wewe umo ndani ya nyumba.

"Mlango mmoja?" akauliza mwenyeji wetu.

"Mkubwa, wa watu na wa ng'ombe."

"Nautia nakshi."

"Kwetu milango haina nakshi."

"Mzee mkubwa hivi na ng'ombe wote hawa? Nautia kidogo tu."

Walipomaliza walipiga vigelegele, na watu ukumbini wakakimbilia kuona. Sisi wawili tulibaki na ukuta wetu. Mwenyeji wetu akafunika ile sehemu kwa kitambaa cha mkono, akakishikiza kwa nyuzi chache, ndipo tukageuka. Kibendera cha kijani kilikuwa kimechomekwa juu ya kitambaa.

Kurudi Mbeya lori lilijaa kupita mwanzo. Ramani zote zilikuja, na mwenyeji wetu akaja, kwa sababu alikuwa na kaka yake anayefanya biashara Mbeya, na pia, alivyosema mwenyewe, hawezi kuacha nyumba aliyoijenga bila kumwona mwenye nyumba akihamia. Nikatuma salamu juu kwetu kwa kupitia mume wangu, aliyeshuka mjini kutupokea: wazee waje mjini, bwana miti anataka kuona kama wapo. Mume wangu akapanda kuwaambia. Akarudi anasema mzee hakujibu, alivuta ugoro tu. Sikulala vizuri.

Siku ya maonyesho Mbeya nzima ilimiminika. Watu wa mjini, watu wa Mwanjelwa na majembe yao begani, Wasafwa walioteremka na viazi, wenye maduka na wake zao. Tulitundika ramani kwenye kamba katikati ya ukumbi, mbali na ukuta, ili watu wapite. Mwenyeji wetu akafumua nyuzi, akakiondoa kile kitambaa mimi nikiwa nimegeuka. Kibendera akakirudisha palepale, maana bwana alisema atakitoa yeye. Bwana miti alisimama hapo na karani wake, anangoja. Jua lilipanda, na wazee hawakuonekana. Nilikuwa nakwenda mlangoni, narudi, nakwenda, narudi. Bwana akatoa saa yake mfukoni, akairudisha.

Halafu mwenyekiti akatokea mlangoni anakimbia, mwili wote ule. "Wanakuja! Wakwe wanakuja!"

Wanawake wa kwetu wote wakatawanyika. Mlango ulikuwa mmoja na ndio huo walikuwa wanaingilia. Mwenyekiti akapita dirishani, sijui kwa muujiza gani. Mimi na mtoto wangu mgongoni hatukuwahi. Nikaingia nyuma ya amerikani yetu, kati yake na ukuta, nikasimama.

Nikasikia fimbo zao sakafuni. Nikasikia watu wakipisha. Nikasikia mwenyeji wetu: "Shikamooni, baba zangu, karibuni kwenu." Mwanga ulikuwa unatoka upande wao, na niliona vivuli vya kofia na mabega juu ya nguo.

"Ng'ombe ni wengi," akasema mmoja, kwa kuridhika.

"Lakini nyumba ya mkubwa imegeuzwa," akasema mwingine. "Tazameni. Mlango unatazama migombani. Nani amemjengea mtu nyumba imegeuka, mlevi?"

Wakacheka. Niliwaambia wale wanawake nilivyokuwa naijua nyumba ile, na niliijua kutokea kijitoni, kwenye migomba. Mbele yake sikuwahi kufika. Na mwenyeji wetu, kama mtu yeyote mwenye akili, alidhani nyumba humtazama anayekuja. Sasa bwana miti atasema hiki ni kijiji cha uongo, wanawake wamekibuni.

"Mzee," nikamsikia bwana, "hapa ni kwako?"

Baba mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno.

"Ni kwangu."

"Lakini wanasema nyumba si hivyo."

"Nyumba ni hiyo."

Karani akasema kwa upole, "Mzee, tunaweza kufumua tukashona upya, mlango ukae mbele."

"Usiguse." Fimbo iligonga sakafu. "Hii imeshonwa na mtu anayepita nyuma. Ukiigeuza, utakuwa umeandika kwamba wake za vijana wetu wanapita mbele yetu. Hawapiti. Iache hivyo hivyo."

Wazee wakaanza kuguna mmoja mmoja, ule mguno wa kukubali. Bwana miti akauliza kama juu zaidi, kwenye mgongo wa mlima, kuna mtu. Baba mkwe akamwambia huko kuna baridi na nyani, misonobari ikitaka kwenda na iende. Nikasikia pini ikichomoka kwenye nguo. Sauti ndogo sana, lakini niliisikia. Nikauma kanga.

Halafu kidole kikatokea. Alikuwa ameweka kidole chake kwenye nyumba yake, na kwa upande wangu nguo ilivimba kidogo. Kikaanza kutembea. Kilikuwa kinafuata utomvu. Nikarudi nyuma hatua, kikaja. Kikashuka kijitoni, kikazunguka migomba yote, kikapanda, kikapinda pale tunapopumzika na kuni, kikashuka tena. Nilirudi nyuma mpaka mgongo wa mtoto ukagusa ukuta. Kidole kikafika nyumba moja ndogo kama punje kwenye kijiji cha vijana, kikasimama hapo. Ilikuwa yangu.

Mtoto akanyoosha mkono juu ya bega langu, akakishika.

Alikuwa amekishika kwa nguvu kama wanavyoshika watoto, nguo na kidole pamoja. Mzee hakukiondoa. Mjukuu na babu kwetu hawana miiko, wanataniana watakavyo, na mzee alijua vizuri ni nani pekee angemshika kidole kutokea nyuma ya nguo ile.

"Nyumba hii ina panya," akasema. "Tena ana nguvu. Amelishwa."

Wenzake wakacheka bila kujua wanachokicheka. Mtoto naye akacheka, kwa sauti. Hapo wote wakageuza nyuso zao pembeni. Niliviona vivuli vyao vikigeuka, wazee wazima wale, kila mmoja akitazama ukuta wake, kunistahi.

Mzee tu ndiye aliyebaki palepale, kidole kimeshikwa.

"Wanazunguka mbali hivi?" akauliza. Aliuliza hewani, si mimi.

"Mbali, baba," akajibu mwenyeji wetu. "Na kuni kichwani."

Mtoto akakiachia. Kidole kikarudi polepole mpaka kijitoni, kikasimama pale njia yetu inapovuka maji, pale ambapo kila masika tunavua viatu na kushikana mikono.

"Hapa," akawaambia wenzake, "hapana magogo ya kuvukia?"

Hakuna mzee aliyejua. Hawakuwahi kupita huko.